Mkanda wa mbwa uwe na uzi dhaifu

Ndugu Mhariri,

Mimi ni fundi viatu. Kibanda changu kiko pembeni mwa stendi ya mji wetu huu mdogo mkoani Kilimanjaro, chini ya mwembe, na nimekikalia miaka 27 sasa. Kazi yangu ni viatu vya shule, kubandika soli na kubadilisha zipu za mabegi. Mikanda ya mbwa nilikuwa nashona miwili mitatu kwa mwezi, na miezi mingine hata mmoja sioni. Mwezi uliopita likapita gari la matangazo, spika mbili juu, sauti inakoroma, likisema kuanzia Jumatatu mbwa yeyote atakayekutwa anazurura bila mkanda shingoni atahesabiwa hana mwenyewe na atauawa. Siku hiyo ilikuwa Alhamisi. Kufika Jumapili jioni nilikuwa nimeshona mikanda 43.

Biashara ya namna hiyo fundi huiombea. Mimi nilihesabu zile hela usiku nikazifunga kwenye kitambaa, na usingizi haukuja. Naomba nafasi katika gazeti lako nieleze kwa nini, maana kuna jambo ambalo lile gari halikulisema na mimi nalijua kwa gharama.

Kwanza nieleze zile siku nne zilivyokuwa. Watu walipima shingo za mbwa wao kwa chochote kilichokuwa karibu. Mtoto mmoja wa darasa la pili alileta ukambaa wa mgomba umefungwa fundo, akasema fundo ndilo shingo. Bibi mmoja alikunja mkono wa gauni akanionyesha kigasha chake: "Shingo yake inaishia hapa, baba, pima hapa hapa." Nikapima mkono wa bibi. Mwingine alikuja na mbwa mwenyewe kamfunga kwa kamba ya katani, mbwa akakojolea rundo la viatu vya watu, tukacheka, nikaosha. Bei yangu ni shilingi 4,000. Wasiokuwa nazo sikuwalaumu, lakini Jumatatu asubuhi nilipotembea kuja kazini niliona walichofanya. Mbwa mmoja alikuwa na waya wa umeme umesokotwa kwa koleo. Wawili watatu walivaa kamba ya manila iliyopigwa fundo ambalo haliachii. Mmoja alivaa tai ya shule, ya bluu yenye mistari, imefungwa vizuri kama anakwenda mtihani. Huyo ndiye aliyekuwa salama kuliko wote, nitaeleza mbele.

Nilikuwa na mbwa akiitwa Bobi. Mwekundu, sikio moja limelala, si wa ukoo wowote wa kujivunia, mbwa wa hapa hapa. Nilimshonea mkanda wa tabaka mbili za ngozi niliyoikata kutoka mkanda wa mtumba nilioununua soko la Memorial pale Moshi, mkanda mpana wa kiume, ngozi nzito ya zamani. Nikaupiga ribiti za shaba sita, nikaushona kando zote kwa uzi uliopakwa nta, na pete nikaenda kuichomelea kwa fundi wa mageti. Wateja nilikuwa nawaonyesha shingo ya Bobi kama tangazo. Nikiwaambia mkanda wangu hata ng'ombe hakati.

Ua wetu ni wa michongoma, kama nyumba nyingi za huku, na ndani ya michongoma mwenye nyumba wa kwanza alipitisha seng'enge kwenye vigingi ili mbuzi wasitoboe. Bobi alikuwa na mahali pake pa kuruka. Asubuhi moja ya Julai 2014, ukungu na baridi ya kwetu unaijua, mke wangu alitoka kukamua akaniita kwa jina langu kamili, jambo ambalo halifanyi. Bobi alikuwa amening'inia upande wa nje. Ncha ya kigingi kimoja ilikuwa imeingia kati ya mkanda na shingo. Miguu yake ya nyuma ilikuwa haijafika chini, imebaki kama shubiri moja tu. Magome ya michongoma upande ule yalikuwa yamechanwa mpaka mti mweupe unaonekana, kwa hiyo nilijua hakufa haraka.

Nilimnyanyua kwa bega ndipo mkanda ukatoka kwenye kigingi. Mshono haukuwa umelegea hata mahali pamoja. Ribiti zote sita zilikuwa mahali pake. Nilizihesabu. Mke wangu hakusema kitu, alileta jembe.

Baada ya hapo nilikaa karibu miaka mitano sishoni mkanda wa mbwa. Mtu akija namwambia mbwa hakuzaliwa na mkanda. Na kwa kuwa masikio yangu yalikuwa wazi sasa, nilianza kusikia habari ambazo zamani zilikuwa zinanipita. Mbwa wawili wa mwenye duka la jumla walikuwa wakicheza kung'atana, mmoja taya lake la chini likaingia kwenye mkanda wa mwenzake, akageuka kujinasua, na kwa kugeuka akausokota mkanda kama mtu anayekamua nguo. Aliyekuwa akikabwa analia, aliyenasa naye analia, hakuna wa kuwasogelea. Waliponea kwa panga, mwenye duka mwenyewe alikata mkanda huku mkono umefungwa gunia. Mwingine alikuwa na mnyororo mrefu unaofika ukutani. Mbwa akapanda tofali akaruka upande wa pili, mnyororo ukaishia juu ya ukuta. Hili la mnyororo ukiwauliza watu kumi, watatu watakuwa wamelishuhudia au limetokea mtaani kwao.

Halafu kuna mkanda unaoua polepole. Mtoto wa mbwa anavishwa akiwa na miezi mitatu, ananenepa, anakua, mkanda haukui. Mwanamke mmoja aliniletea jike dogo akidhani lina kidonda cha kung'atwa. Harufu ilifika kabla yake. Nilipogawanya manyoya kwa vidole sikuona mkanda, niliona mfereji unaozunguka shingo, mwekundu na wenye maji, na funza wanacheza ndani. Kamba ya nailoni ilikuwa chini ya ngozi. Ngozi ilikuwa imeanza kuifunika kama gome la mti linavyofunika waya. Nina kisu chembamba cha kuchonga soli, nilikiweka mkononi nikakirudisha mezani, nikamwambia hapa aitwe bwana mifugo. Alikuja na sindano ya ganzi, akaitoa vipande vipande. Jike lile lipo mpaka leo, shingoni lina pete ya ngozi isiyoota manyoya.

Kwa hiyo ungeniuliza mwaka 2018, ningekwambia mkanda ni kitanzi, basi. Kilichonigeuza ni mjukuu wangu.

Alikuwa na miaka minane, ametumwa maandazi, mbwa wa kahawia akamng'ata kwenye nyama ya mguu. Mbwa hakuwa na alama yoyote. Vijana wa stendi wakamkimbiza, wakamuua kwa mawe, wakamtupa korongoni, na wakarudi kutuambia kama watu waliotufanyia hisani. Kwa bahati jirani yetu ni muuguzi mstaafu. Alimshika mtoto akamweka mguu chini ya bomba, sabuni na maji yanayotiririka, robo saa nzima kwa saa, mtoto analia, sisi tunaona anampotezea muda wa kwenda hospitali. Baadaye ndiyo tukaambiwa ule uoshaji ni tiba yenyewe inaanza.

Hospitali tuliulizwa maswali matatu. Mbwa wa nani? Amechanjwa? Yuko wapi sasa? Majibu yetu: hatujui, hatujui, korongoni. Daktari alieleza kitu ambacho sikuwahi kukisikia katika umri wangu wote. Mbwa aliyemng'ata mtu akifungwa mahali akaangaliwa siku 10, na siku hizo zikaisha yu mzima, anakula, basi siku aliyong'ata hakuwa na kichaa kwenye mate yake, na sindano za mtoto zinaweza kusimamishwa. Hazisubiriwi, zinaanza siku ile ile. Ila mbwa akiwepo, zinaweza kukomea njiani. Mbwa wetu alikuwa chini ya mawe. Mtoto alimaliza sindano zote, na kwenye banda la mbuzi beberu mmoja akapungua.

Siku ya tisa alikuja mzee kutoka vijiji vya juu, ameshika kiboko na mfuko wa nailoni. Anamtafuta mbwa wake wa kahawia, ameshuka kufuata jike. Ndani ya mfuko mlikuwa na kadi ya chanjo, safi, imekunjwa mara moja, mbwa kachanjwa miezi minne nyuma. Nikamweka kwenye benchi langu nikamweleza. Alikaa kimya muda mrefu akiikunja na kuikunjua ile kadi. Kadi ilikuwa kabatini, mbwa alikuwa korongoni, na hakukuwa na kitu cha kuwaunganisha.

Kichaa cha mbwa si ugonjwa wa mzaha. Dalili zikishaanza kwa mtu, karibu hakuna anayepona. Shirika la Afya Duniani linakadiria kinaua watu wapatao 59,000 kila mwaka, wengi wao Afrika na Asia, kama 4 katika kila 10 ni watoto wa chini ya miaka 15, na karibu wote kwa mbwa. Dawa yake inajulikana: chanja mbwa, walau 70 katika kila 100, kila mwaka, ugonjwa unakosa pa kushika. Kule Pemba walifanya hivyo, kichaa kikatoweka kisiwani, kikarudi, wakakitoa tena. Na hapo ndipo mkanda unaingia. Waliokuwa wakichanja walimvisha mbwa mkanda kama alama, halafu wakapita mitaani kuhesabu: wenye mkanda wangapi, wasio nao wangapi. Yaani mkanda pale ulikuwa unaeleza chanjo. Kwetu huku gari la matangazo halikutaja chanjo hata mara moja. Mbwa mwenye tai ya shule alinusurika Jumatatu ile bila kuchanjwa, na yule wa mzee, mwenye kadi, angeuawa.

Basi baada ya mambo ya mjukuu nilirudi kwenye msharasi, lakini nikiwa na swali: nitashonaje mkanda unaosema huyu ni wa fulani, bila kumnyonga siku ya kigingi?

Jibu hakulipata fundi, alilipata mwanafunzi wa fundi. Kijana wangu wa kazi ni Mwislamu anayeshika dini, mate ya mbwa kwake ni najisi, akiguswa anaosha mara saba na moja iwe ya udongo. Tulishakubaliana siku nyingi: yeye anashona, kuvisha navisha mimi. Siku moja alikuwa akifumua begi la shule, akasema, "Mzee, kwa nini begi hukatika kila siku mahali pale pale?" Kwa sababu uzi wa pale ni mbovu. "Basi na mkanda tuutie ubovu mahali tunapotaka sisi."

Nilimwangalia. Miaka 27 nashindana na uzi mbovu, na dawa ilikuwa huo huo uzi mbovu.

Tukaanza kupima. Tulifunga ndoano kwenye tawi la mwembe, tukatundika mkanda, na upande wa chini wa mkanda tukaning'iniza ndoo ya lita 20. Lita moja ya maji ni kilo moja, hesabu rahisi. Mbwa wetu wa mitaani mwenye afya ana kilo 15 mpaka 20. Lakini anayening'inia huku vidole vya nyuma vinagusa chini anaubebesha mkanda nusu tu ya uzito wake, kwa hiyo mkanda lazima uachie kabla ya nusu ndoo. Mkanda wa aina ya Bobi tuliujazia ndoo mpaka ikamwagika, kijana akaongeza jiwe la kusagia, haukutikisika. Nilitoka nikaenda kunywa chai.

Kisha tukakata mkanda mpya katikati, tukaunganisha vipande viwili kwa uzi wa kawaida wa cherehani, ule wa pamba unaoukata kwa meno. Mishono minne iliachia kwenye lita sita. Mishono sita, lita tisa. Ukiivuta ndoo kwa kushtua, inaachia mapema zaidi, na mbwa aliyenasa hatulii, anashtua. Tukaamua: mishono minne kwa mbwa wa kawaida, sita kwa yule mkubwa wa kulinda yadi, miwili kwa wadogo. Tulijaribu na mpira wa ndani wa baiskeli, kipande cha vidole vitatu kati ya ncha mbili za ngozi, unavutika na kichwa kinatoka. Ni mzuri mwezi wa kwanza. Jua la huku likishaupiga unapasuka wenyewe njiani mbwa anakwenda zake. Uzi nauamini zaidi. Na ile tai ya shule? Kitambaa laini cha zamani, kimefungwa fundo la kuteleza kidogo, kikinasa kinachanika. Ndiyo maana nilisema ndiye aliyekuwa salama.

Wateja huniuliza mambo mawili. La kwanza: nikimtembeza kwa kamba si utakatika? Utakatika kama ukifunga pete moja. Ninaweka pete mbili, moja kila upande wa ule mshono dhaifu. Ukimtembeza, unapitisha ndoano ya kamba kwenye pete zote mbili, nguvu inapita kwenye pete, mshono haubebi kitu. Ukifika nyumbani unatoa kamba, mshono unarudi kazini kwake. Na anayemfunga mbwa mnyororo mchana kutwa, kama hana budi, atumie mkanda mwingine, mpana, na mnyororo uishie hatua mbili kabla ya ukuta au ua. Mkanda wa kufungia na mkanda wa kujulikana ni vitu viwili. Watu wanavigeuza kimoja.

La pili ni zito, na sijifanyi nina jibu la kumaliza. Mkanda ukikatika usiku, asubuhi mbwa hana alama, na watu wa bunduki wakipita je? Mama mmoja alinikazia: "Bora anyongwe na mkanda wako mara moja kwa miaka kumi kuliko apigwe risasi wiki hii." Sikuwa na la kumbishia papo hapo. Ninachofanya ni kumpa kila mteja mikanda miwili kwa bei ya mmoja na nusu, wa pili ukae nyumbani juu ya mlango. Lakini ukweli ni kwamba swali la yule mama si langu. Ni la aliyeandika tangazo.

Kuna wanaosema tuache mikanda, tuweke chipu. Nimeiona. Mjerumani mmoja aliyekuwa akifundisha hapa alitaka kurudi kwao na mbwa wake, na kule bila chipu mbwa haingii, tena lazima iwekwe kwanza ndipo achanjwe kichaa, ukikosea mpangilio chanjo ile haihesabiki. Alinionyesha kabla haijaingizwa: kitu kidogo kama punje ya mchele, kinadungwa kwa sindano nene chini ya ngozi kati ya mabega. Haina betri, haitumi habari ulipo kama simu, watu wanadanganyana hapo. Inakaa kimya mpaka mashine ya kusomea ipitishwe juu yake, ndipo inatoa namba ya tarakimu 15. Namba yenyewe haina jina wala mtaa, lazima mahali fulani kuwe na daftari linalosema namba hii ni ya nani. Ni kitu kizuri. Hakikatiki, hakinyongi, hakichakai. Lakini kijana aliyetumwa kuua mbwa saa kumi na moja alfajiri hana mashine hiyo, na hata angekuwa nayo asingemsogelea mbwa kuisoma. Alama ya kumwokoa mbwa mtaani lazima ionekane kwa macho kutoka hatua kumi. Mwingine alipendekeza hereni, kama zile za kielektroniki za ng'ombe. Sikio la mbwa si la ng'ombe. Siku ya kwanza ya kugombania jike litakuwa limegawanyika.

Kuhusu maandishi. Mimi nachoma namba ya simu juu ya ngozi yenyewe kwa msumari wa moto. Vibati vya kuning'inia sivipendi, vinanasa kwenye nyufa za banda na vinagonga gonga usiku kucha. Jina la mbwa siandiki. Mwizi akilijua atamwita na mbwa atatikisa mkia amfuate. Kuna aliyetaka niandike MBWA MKALI kwenye kimbwa cha kilo nne. Nikaandika, pesa yake. Watu wanaobadilisha laini warudi, kubandika kipande kipya ni shilingi 500. Na chini ya namba naomba watu waniambie mwaka wa chanjo, nauchoma pia, lakini sichomi mpaka nimeiona kadi. Kati ya wale wa Alhamisi mpaka Jumapili, waliokuwa na kadi walikuwa 11.

Kuvisha nako kuna adabu yake. Vidole viwili viingie kati ya mkanda na shingo, vilale bapa bila kulazimisha. Vikiingia vitatu, mkanda umelegea, mguu wa mbele utapita ndani siku akijikuna. Mtoto wa mbwa apimwe kila wiki mbili, na ukimpima pitisha vidole mzunguko mzima, maana kupe wanapenda sana pale chini. Ngozi mbichi isiyosindikwa msitumie, hata kama mmechinja wenyewe: inalowa na mvua, ikikauka inabana kama ngoma. Na waya, jamani, waya hapana.

Sasa nirudi kwa walioandika lile tangazo. Sina ugomvi nao. Mbwa wanaozurura stendi mimi ndiye ninayewaona kila siku, na mtoto aliyeng'atwa alikuwa wa kwangu. Ninachoomba ni maneno machache yabadilike. Badala ya kusema "asiye na mkanda", semeni "asiyechanjwa", na mkanda utolewe siku ile ile ya chanjo, pale pale kwenye meza ya bwana mifugo, wa kitambaa tu, rangi moja kwa mwaka huu na nyingine mwakani, uliounganishwa kwa uzi wa kukatika. Mwenyekiti wa mtaa awe na daftari lenye picha ya mbwa, simu zenye kamera ziko kila mfuko, ili aliyepoteza mkanda apewe mwingine bila kuulizwa maswali. Na siku nne ni chache. Siku nne zinatosha kumvisha mbwa waya. Haziwezi kutosha kumchanja.

Mafundi wenzangu nao nawaomba. Najua mkanda unaokatika unatutia aibu, mteja anarudi na vipande viwili mkononi, watu wanatazama. Kwangu wamesharudi watatu. Wawili hawakujua ulikatikia wapi. Wa tatu, dereva wa bodaboda, aliukuta umebaki kwenye seng'enge ya jirani, unaning'inia wenyewe, mbwa amelala kwenye majivu ya jikoni. Hakulalamika. Alitaka mwingine, na akauliza kama naweza kuutia rangi nyekundu.

Asiyeamini vipimo vyangu aje na mkanda wake, niliomshonea mimi au wa dukani. Ndoano bado ipo kwenye mwembe, ndoo ipo, na maji tunachota kwenye bomba la msikiti, wameturuhusu. Kupima hakuna malipo. Aje kabla ya saa tisa, maana saa tisa watoto wanatoka shule na viatu vyao.

Fundi viatu,
Stendi,
Mkoani Kilimanjaro.